Hataza na Leseni katika Biashara ya Simu

Wakulima wengi wa Kericho na Bomet siku hizi wana simu za mkononi, na kwa simu hizo hupokea na kutuma fedha. Lakini ni wachache wajuao kwamba mtu anunuapo simu, sehemu ya fedha zake huenda kwa makampuni ambayo hayakuiunda simu hiyo. Yafaa tueleze sababu yake.

Mtu akivumbua kitu kipya chenye manufaa, serikali huweza kumpa haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Haki hiyo huitwa hataza. Katika Kenya hutolewa na ofisi ya KIPI iliyoko Nairobi, na muda wake ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Naye mvumbuzi hana budi kueleza wazi kazi yake, ili muda ukiisha watu wote waitumie. Kabla ya hapo, atakaye kuitumia huomba leseni na kulipa ada, kama vile mtu akodivyo shamba la mwenziwe.

Simu moja ina uvumbuzi wa watu wengi sana. Kampuni ya Nokia ya Finland iliuza kazi yake ya kuunda simu kwa Microsoft mwaka wa 2014, lakini hata sasa hupata fedha kwa kutoa leseni za uvumbuzi wake.

Shida iko wapi? Fikiri kwamba njia ya pekee ya kwenda kituo cha majani chai inapita katika shamba la mtu mmoja. Akitoza ushuru wa haki, wote watapita. Akitoza kupita kiasi, au akimzuia jirani asiyempenda, majani yataharibika. Hataza nyingine za simu ni kama njia hiyo: bila ya uvumbuzi huo simu haiwezi kuwasiliana na mitambo. Kwa hiyo mashirika yanayoweka kanuni za simu huwataka wenye hataza hizo waahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, bila upendeleo.

Hata hivyo ugomvi hutokea. Mwaka wa 2017 kampuni ya Apple iliishtaki Qualcomm, zote za Marekani, ikilalamika kwamba ada ilihesabiwa kwa bei ya simu nzima, wala si kwa kifaa kimoja tu kilichomo ndani. Walipatana Aprili 2019, na Apple ikakubali kulipa. Ada kama hizo, zikizidi, mwishowe huongeza bei anayolipa mnunuzi.

Leseni si ya hataza peke yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka wa 2007, mtambo na jina lake vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ililipa ada ya kuvitumia. Aprili 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilikamilisha kuvinunua. Mpangaji akawa mwenye nyumba.

Basi, mkulima ukibuni chombo kipya, tuseme cha kuchumia chai, usikionyeshe sokoni kwanza. Uliza KIPI, maana uvumbuzi uliokwisha kutangazwa huweza kukosa hataza, na wengine wakapata faida ya jasho lako.