Salamu ya Noeli na Neno Lililobaki

Wasomaji, sikukuu ya Noeli ikikaribia, watu wa Kihonda hujitengeneza kwa mchele, nguo za watoto na safari za kwao milimani Uluguru. Ni desturi siku hiyo watu kupeana mikono, hata wale wenye ugomvi. Jambo hilo ni jema. Lakini yafaa tujiulize: je, salamu ile humaliza neno, au hulifunika tu?

Katika Vita Kuu ya kwanza, usiku wa tarehe 24 Desemba 1914, askari wa Kiingereza na wa Kijerumani walikuwa wakitazamana katika mahandaki yao huko Ubelgiji na Ufaransa. Wajerumani wakaimba nyimbo za Noeli, na Waingereza wakaitikia. Kulipokucha, mahali pengi walitoka bila silaha, wakapeana tumbaku, wakazika maiti zao. Ila wakubwa wao walikataza jambo hilo, wala hapakuwa na mapatano. Basi bunduki zikalia tena, na vita havikwisha hata tarehe 11 Novemba 1918. Kwetu nako vilifika: jeshi la Waingereza liliingia mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na wapagazi wengi wa nchi hizi, ambao ugomvi ule haukuwa wao, walikufa kwa maradhi na njaa.

Tena liko jambo la mkoa wetu wenyewe. Tarehe 8 Desemba 2000, siku 17 tu kabla ya Noeli, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Magomvi ya namna hii huanza na ng'ombe kuingia shambani, au njia ya maji kuzibwa. Neno dogo likiachwa bila kuamuliwa huzaa kisasi.

Basi tufanye nini? Kwanza, aliyekosa amwendee mwenzake pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Pili, walitaje neno lenyewe: mpaka, mazao au deni, wakaende kulitazama kwa macho. Tatu, wakipatana juu ya fidia na siku ya kuilipa, waandike karatasi mbele ya mashahidi.

Wakishindwa, sheria imefungua njia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na 3 kati yao sharti wawe wanawake. Kazi ya baraza hilo si kumfunga mtu, bali kuwasaidia wenye shauri la ardhi wapatane kwa hiari yao.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Salamu ya Noeli hufungua mlango, nasi hatuna budi kuingia ndani tulimalize neno, ili mwaka mpya usitukute na ufa ule ule.