Rosterman: Dhahabu Ilipokwisha, Shamba Lilibaki

Karibu na mji wa Kakamega pana mahali paitwapo Rosterman. Mgeni afikapo huko aona migomba na mahindi, tena aona mashimo ya zamani yaliyoachwa. Si rahisi kuamini kwamba zamani jina hili lilijulikana hata London.

Habari yake ilianza mwaka 1931. Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka dunia nzima, nao nzige walikuwa wameharibu mashamba mengi. Mmarekani mmoja, Bwana L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Turbo, alikwenda kutafuta dhahabu katika nchi ya Kakamega, naye akaipata. Habari zilipoenea, mamia ya Wazungu waliacha mashamba yao wakaja na mahema, majembe na makarai.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mchanga wa mtoni hutiwa katika karai pamoja na maji, ukazungushwa polepole. Mchanga hutoka, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hukaa chini. Lakini dhahabu ya mtoni haidumu. Iliyobaki ilikuwa ndani ya mishipa ya mawe meupe, chini sana ardhini, na kuifikia kulitaka mashine na fedha nyingi. Basi wachimbaji wadogo waliondoka, makampuni yakashika kazi.

Je, wenye nchi walipata nini? Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Mwaka 1930 Serikali ilikuwa imetunga sheria kwamba ardhi ya wenyeji ni yao daima, na kipande kikichukuliwa, sharti walipwe ardhi nyingine ya kiasi kile kile. Disemba 1932, kwa ajili ya dhahabu, sheria hiyo ilibadilishwa: palipochukuliwa ardhi ya machimbo, fedha zilitosha kuwa malipo, wala haikulazimu kuuliza Baraza la Wenyeji kwanza. Ahadi ya daima haikumaliza hata miaka mitatu. Wenyeji walinung'unika sana, maana fedha huisha, lakini shamba hulisha mtoto na mjukuu. Hata huko Uingereza jambo hili lilijadiliwa Bungeni, na watu wakubwa kama Lord Lugard walilipinga.

Shimo la Rosterman lilianza kutoa dhahabu mwaka 1935. Hadi lilipofungwa mwaka 1952 lilikuwa limetoa zaidi ya wakia 250,000, yaani kadiri ya tani nane. Bei ya dhahabu iliyowekwa na Marekani mwaka 1934 ilikuwa haijapanda, lakini gharama za kazi zilikuwa zimepanda sana baada ya Vita. Mashine zilinyamaza, wageni wakaenda zao.

Hata hivyo dhahabu haikwisha kabisa. Mpaka leo wako watu wanaochimba kwa mikono, na akina mama wanaoponda mawe. Wengi hutumia zebaki kukusanya dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake ni sumu; yafaa usivutwe kamwe, wala zebaki isichomwe jikoni penye watoto.

Makampuni nayo yamerudi. Mwaka 2020 Shanta Gold ilinunua haki za kutafuta dhahabu katika sehemu za Kakamega. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema kwamba katika mrabaha, sehemu 10 kwa mia ni za jamii ya mahali pale, na 20 kwa mia ni za kaunti. Hiyo ni tofauti kubwa na mambo ya mwaka 1932. Lakini sheria humfaa anayeijua.

Basi, ndugu mkulima, kabla hujatia sahihi karatasi yoyote, andika mipaka ya shamba lako, hesabu miti yako, nyumba na makaburi ya wazee, nawe uhifadhi nakala. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.