Kifuko cha maji kwenye kongosho: MRI fupi inaweza kutosha

Mama wa makamo anatoka Matemwe kwenda mjini kwa ajili ya mawe ya figo. Anapigwa CT scan, mawe yanaonekana, na chini ya karatasi daktari ameandika jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: kuna kifuko kidogo cha maji kwenye kongosho. Usiku ule nyumbani halali mtu.

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, kinachotoa insulini na maji ya kusagia chakula. Vifuko hivi huonekana kwa bahati tu, zaidi kwa watu wazima. Vingi havimdhuru mtu hadi mwisho wa umri wake. Vichache hugeuka saratani, polepole, kwa miaka. Ndiyo maana daktari husema "tutaendelea kukiangalia" badala ya kukimbilia kisu, maana upasuaji wa kongosho ni mzito.

Huko kuangalia ndiko kunakochosha familia. Mwongozo wa kimataifa wa Kyoto wa mwaka 2024 unasema aina inayofuatiliwa zaidi, ikiwa chini ya sentimita 2, ipimwe tena baada ya miezi 6, kisha kila miezi 18 isipobadilika. Ikifika sentimita 3, ni kila miezi 6. MRI kamili huchukua nusu saa au zaidi, na sindano ya dawa ya kung'arisha picha juu yake. Kwa mkulima wa mwani, safari ya mjini ikiangukia siku za bamvua, kazi imempita.

Hapo ndipo inapoingia MRI fupi. Dawa ya sindano inaachwa, na zinapigwa zile picha ambazo maji hung'aa meupe. Kifuko ni maji, kwa hiyo hujionyesha chenyewe. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimekuta kuwa uamuzi wa daktari, kwa wagonjwa wengi, haubadiliki. Kwa bibi anayeogopa kulala ndani ya lile bomba lenye kelele, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini si ya kila mtu. Kipimo cha kwanza ni bora kiwe kamili. Kifuko kikikua kwa milimita 2.5 au zaidi kwa mwaka, au kikiota kinundu ndani, mgonjwa anarudi kwenye kipimo kamili. Utrasaundi pekee haitoshi, kwani hewa ya matumbo mara nyingi huficha kongosho.

Macho yakiwa manjano, mkojo ukawa mweusi, au mzee akakonda bila sababu, msisubiri tarehe ya kadi.

Mkienda, muulizeni daktari kama hiyo fupi inamfaa mgonjwa wenu. Na chukueni CD ya picha za zamani, si karatasi ya majibu peke yake: milimita mbili hazionekani bila ya kulinganisha.