Mkataba Ukisema "Sheria", Unamaanisha Sheria Gani?

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Malava. Senje wangu, dadake baba, huuza mboga sokoni kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Nilimkuta ameinamia simu, hana raha. Alikuwa amekopa shilingi 4,000 kwa programu moja ya mikopo, akachelewa kulipa kwa wiki mbili. Kumbe wenye mkopo walishapigia mweka hazina wa chama chake, mteja wake mwenye hoteli, na hata mwalimu wa mtoto. Namba hizo zote walizitoa kwa simu yake.

"Nifanye nini, mwanangu?" akaniuliza. "Si nilibonyeza Kubali mwenyewe? Na wameandika wanafanya kwa mujibu wa Sheria."

Tukaketi kwa benchi, tukafungua mkataba. Haya ndiyo tuliyoyatafuta, na wewe pia unaweza kuyatafuta kwa mkataba wowote wa pesa za simu.

Anza na "Maana ya Maneno"

Mikataba mingi huwa na sehemu hii karibu na mwanzo. Ukiona neno limeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, kama vile Sheria, Akaunti au Huduma, jua limepewa maana maalum. Rudi mwanzo uone ni ipi.

Kwa kawaida sheria hutajwa kwa njia tatu:

- Kwa jina na mwaka. Kwa mfano, Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hii ndiyo rahisi zaidi kufuatilia.
- Kwa sura. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya, kwa mfano, huandikwa "Sura 491". Hiyo ni namba yake kwenye orodha ya sheria za Kenya.
- Kwa jumla. "Sheria zote husika." Hapa hakuna jina lolote, kwa hivyo ni wewe wa kuuliza: ni zipi hizo?

Mara nyingi utakuta pia maneno "pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake". Sheria hupitishwa na Bunge. Kanuni hutungwa chini ya sheria hiyo, na ndizo hueleza mambo ya kila siku. Mfano ni pesa zako za simu: Kanuni za Mfumo wa Malipo za 2014 zinataka pesa za wateja ziwekwe chini ya amana, kando na pesa za kampuni yenyewe.

Maneno madogo yenye uzito: "na marekebisho yake"

Mkataba uliosaini miaka mitano iliyopita hauandikwi upya kila Bunge linapobadilisha sheria. Ndiyo maana wanasheria huongeza "kama itakavyorekebishwa mara kwa mara". Maana yake ni kwamba sheria ikibadilika, mkataba unasomwa kwa sheria mpya.

Wakati mwingine hilo linakuongezea gharama. Tarehe 1 Julai 2023, ushuru unaotozwa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Hukusaini karatasi nyingine, lakini makato yalibadilika.

Wakati mwingine linakulinda. Mwishoni mwa 2021, Sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili iwafikie wakopeshaji wa kidijitali. Machi 2022 kanuni zao zikatoka. Kanuni hizo zinamkataza mkopeshaji kuingia kwenye orodha ya namba za simu yako ili awatumie watu wako ujumbe ukichelewa kulipa. Vitisho na matusi pia yamekatazwa.

Sasa rudi kwa mkataba wa Senje. Ulitaja Sheria ya Benki Kuu, Sura 491, "pamoja na kanuni na marekebisho yake". Kwa hivyo ile Sheria aliyokuwa akiogopa ndiyo hiyo iliyokuwa upande wake!

Je, kama mkataba haujataja sheria?

Bado sheria inafanya kazi. Kampuni haiwezi kukwepa sheria kwa kutoiandika, na kubonyeza Kubali hakumpi mtu ruhusa ya kufanya kilichokatazwa. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 pia inasema haki zako zinabaki hata kama mkataba unasema umeziacha.

Lakini tusidanganyane: deni ni deni. Sheria ilimkinga Senje na aibu. Haikumfutia zile 4,000.

Fanya hivi

1. Piga picha ya skrini ya masharti siku ile unakubali. Baadaye yanaweza kubadilishwa.
2. Tafuta sheria iliyotajwa kwenye tovuti ya Kenya Law. Kusoma ni bure.
3. Angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni.
4. Ukisumbuliwa, lalamika kwa kampuni kwa maandishi kwanza, na utaje sheria kwa jina. Weka nakala.
5. Wasipokujibu, peleka malalamiko Benki Kuu. Kama ni kuhusu namba na taarifa zako, nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.
6. Usimpe yeyote PIN yako, hata akikwambia "sheria inataka".

Senje aliandika ujumbe mfupi. Akasema atalipa kwa awamu mbili, na akataja kanuni za 2022 zinazokataza kupigia watu wake. Simu kwa chama zikakoma. Deni akalimaliza mwisho wa mwezi, baada ya mauzo ya sukuma kuchangamka.

Mweka hazina wa chama aliposikia, aliniletea simu yake pia. "Hebu nisomee hapa," akasema, "hii Sheria yangu ni gani?"

Na wewe je? Fungua masharti ya huduma unayotumia leo, tafuta hilo neno, uone limepewa maana gani. Ukikwama, tuulize kupitia huduma kwa wateja ndani ya programu yetu.