Je, Wajua? Kirusi Kilichojichongea Ufunguo Mpya

Mfereji wa Nsooba unaopita Kalerwe, jijini Kampala, hubeba maji machafu, na penye kinyesi pana bakteria aina ya E. koli. Walipo hao, zipo pia faji: virusi vinavyowashambulia bakteria.

Faji hunasa kwenye protini maalumu juu ya bakteria, kama ufunguo na kufuli.

Kufuli likiadimika? Mwaka 2012 watafiti huko Michigan, Marekani, walieleza jinsi bakteria walivyopunguza LamB, kufuli la faji iitwayo lambda. Ajabu ni kwamba mabadiliko manne tu katika jeni ya protini ya ncha ya mkia wa lambda yaliiwezesha kuingilia kufuli jingine, OmpF! Makundi 24 ya faji kati ya 96 yalifaulu.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, jirani na Kalerwe, nako faji huchunguzwa kama silaha dhidi ya bakteria sugu.