Sura ya Saba: Masalia ya Flaksi na Dhana ya Kukauka Upesi

Katika karakana nyingi za simu na redio bado inaaminika kwamba kioevu chochote kinachokauka upesi kinafaa kusafishia bodi ya saketi, ndiyo maana petroli, thina na spiriti ya rangi hukutwa mezani pa fundi kando ya mswaki mkuukuu. Thina hulainisha baadhi ya plastiki za soketi, na rangi ya spiriti hairuki hewani pamoja na pombe yake.

Kinachopaswa kuondolewa hasa ni flaksi, yaani dawa inayong'oa oksidi juu ya shaba ili risasi ya kulehemia ishike, nayo kwa kawaida huwa ni tindikali hafifu zilizofungwa ndani ya utomvu wa msonobari au resini ya viwandani. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 huuyeyusha utomvu huo, lakini kuyeyusha si kuondoa: anayepiga mswaki kisha akaiacha bodi ikauke ameutandaza uchafu uleule, na ukungu mweupe unaojitokeza kuzunguka miguu ya vipuri ndio ushahidi. Kwa flaksi isiyohitaji kuoshwa, iliyoenea viwandani baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kubana matumizi ya CFC zilizokuwa zikioshea bodi, kusafisha nusunusu ni kubaya kuliko kutosafisha kabisa, kwa kuwa resini huvunjwa na tindikali zikabaki wazi zikivuta unyevu. Hapo metali huyeyuka kwenye ncha chanya, ioni zake zikavuka utando mwembamba wa maji na kujijenga upande wa ncha hasi kama vijitawi, ambavyo vikiifikia ncha ya pili huleta shoti. Kwa hiyo bodi huinamishwa, ikamiminiwa alkoholi mpya, na ile chafu ikanyonywa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla haijakauka.

Ama mchele, ambamo simu zilizozama huzikwa kana kwamba una baraka, hauvuti chumvi hata chembe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ambayo maji yakiruka yote hubaki chini ya chipu. Simu iliyozama baharini hutolewa betri na kufunguliwa siku hiyohiyo, bodi ikasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri za magari na wala si tindikali yake, ndipo alkoholi ifuate.

Mvuke wa alkoholi hiyo huweza kushika moto kuanzia nyuzijoto 12 hivi, kiwango ambacho joto la Mombasa na Dar es Salaam halishuki chini yake hata usiku, hivyo pasi ya kulehemia huzimwa na dirisha hufunguliwa kabla ya chupa.