Land Rover ya Zamani, Injini ya Leo (2): Mlima Ndio Unaochagua

Katika sehemu ya kwanza tulishughulika na chasisi, kwa kuwa hakuna fedha inayopotea vibaya kama ile inayonunua injini nzuri na kuikalisha juu ya chuma kilichooza. Leo tuchukulie chasisi ni nzima na bodi ya alumini bado inapendeza. Mwenye gari, awe mkulima wa Qurus anayebeba mbaazi na maharage au dereva wa watalii wa Karatu mjini, amekata shauri. Injini imechoka, inakula oili, silinda zimeshachongwa hadi pa mwisho, na Land Rover yenyewe haiuzwi. Aiwekee injini gani?

Jibu linalotoka haraka gerejini, hapa Karatu au kule Unga Limited mjini Arusha, ni neno moja: Toyota. Mara nyingi ni jibu jema, na nitaeleza kwa nini. Linaniudhi tu pale linapotolewa kabla ya kuuliza gari ni la mwaka gani, lina gia boksi ipi na linapita njia gani. Kwetu sisi tunaoishi chini ya Ngorongoro, njia ndiyo hoja kubwa kuliko zote.

Tuifuate basi njia hiyo. Karatu iko kwenye kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishapita lango la Lodoare barabara inapanda msituni, kona juu ya kona, hadi ukingo wa Kreta, kwenye kimo kinachozidi mita 2,300. Kisha unateremka kwa njia ya Seneto, kama mita 600 kwenda chini, unazunguka sakafu ya Kreta kwa saa nyingi kwa mwendo wa polepole, na alasiri unapanda tena kwa njia ya Lerai gari likiwa limejaa watu. Kwa siku moja injini imepanda kwenye hewa nyepesi, imelizuia gari mteremkoni, imenguruma muda mrefu bila upepo wa mwendo, kisha imedaiwa nguvu zake zote ikiwa tayari ya moto. Injini inayoweza mawili tu kati ya hayo haitufai, hata iwe na sifa gani Dar es Salaam.

Hewa kwanza. Kwenye ukingo wa Kreta, ujazo uleule wa hewa una uzito wa takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Injini ya dizeli huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa iliyovuta. Isipokuwa na turbo, huko juu inavuta hewa pungufu kwa moja ya tano, na pampu ikiendelea kumwaga dizeli kwa kipimo cha pwani, ile ziada haiungui. Inatoka kwenye eksozi kama moshi mweusi. Madereva wengi wakiuona moshi huo hudhani nozeli zimekufa. Huenda nozeli ni nzima kabisa na pampu ndiyo inayotaka kurekebishwa.

Sasa chukua injini mbili ambazo mwenye Land Rover wa huku huchagua kati yake. Ya kwanza ni 1HZ ya Toyota, iliyoingia kwenye Land Cruiser mwaka 1990: silinda 6 kwa mstari, cc 4,164, haina turbo, nguvu farasi kama 130 na mvuto wa nyutonimita 285. Ya pili ni 300Tdi ya Land Rover wenyewe, iliyotoka mwaka 1994: silinda 4, cc 2,495, ina turbo, nguvu farasi 111 na mvuto wa nyutonimita 265 kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Kwa aliyeko Tanga hakuna ubishi, 1HZ ina nguvu zaidi. Ipandishe hadi ukingoni, uikate moja ya tano yake, inabaki na farasi kama 104. Ile ndogo, kwa kuwa turbo yake inaishindilia hewa nyepesi kabla ya kuiingiza kwenye silinda, inapoteza kidogo tu. Pale juu injini ya lita mbili na nusu inakaribiana kabisa na ya lita nne na ushei. Ndiyo maana namba za kwenye karatasi hazitoshi kumwamulia mtu wa Karatu.

Hata hivyo mzani unarudi upande wa pili tukifika kwenye mwendo wa chini. Turbo ya 300Tdi haijaamka sawasawa chini ya mizunguko 1,500, na dereva anayeondoka kwenye kona kali ya Lerai na abiria sita huisikia injini ikizubaa kabla ya kushika. 1HZ inavuta tangu kwenye sailensa, bila kusubiri chochote. Na huko Seneto, kwenye kuteremka, ukubwa wake ni baraka. Dizeli za aina hii hazina mlango wa kuzibia hewa kama injini za petroli, kwa hiyo zinalizuia gari kwa msuguano na kwa kazi ya kushindilia hewa tu, na lita nne hushika kuliko lita mbili na nusu. Dereva anayeweka gia ya nguvu na kuiachia injini kazi hiyo anafika chini breki zikiwa baridi.

Wengine hutaka yote mawili, wanaifunga turbo kwenye 1HZ. Nawaomba wafikiri tena. Injini hiyo haikuundwa kwa turbo. Joto la moshi wake likizidi, silinda hedi na pistoni ndizo zinazolipa. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye ukubwa huohuo walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye mfumo tofauti wa kumwaga dizeli. Nayo, zile za mwanzo, zina sifa ya kula beringi za koneksheni rodi, kwa hiyo anayeinunua imekwishatumika azibadilishe kabla ya kuiwasha.

Jambo la pili ni uzito, na hapa magari ya michezo ya zamani yana cha kutufundisha. Kampuni ya Rover ilichukua kutoka General Motors mwaka 1965 injini ya V8 ya alumini, iliyokuwa imeanzia kwenye Buick. Iliingia kwenye Range Rover mwaka 1970, na mwaka 1973 ikawekwa kiwandani kwenye MGB GT, gari dogo la michezo lililozoea injini ya silinda 4 ya chuma. Lilipata nguvu nyingi mpya bila kuharibika tabia, kwa sababu V8 ile ya alumini ilikaribiana uzito na injini iliyotolewa. Pua ya gari haikuzama, usukani haukuwa mzigo. Ukiipima 1HZ kwa kipimo hicho, inashindwa. Ni ndefu na ni nzito. Anayeiweka kwenye Defender ajue mapema kwamba springi za mbele zitabadilishwa, rejeta itasogezwa, na mauntini zitachomelewa upya na mtu anayejua kupima, maana injini ikikaa imepinda hata kidogo propela shafti itakuwa inakuambia kila siku.

Kuna wanaoona aibu kuweka injini ya Kijapani kwenye gari la Kiingereza, kana kwamba ni kulivunjia heshima. Nadhani hawana habari kwamba Land Rover wa Australia walifanya hivyo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kuuza Land Rover zenye dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, aina ya 4BD1, na jeshi la Australia likanunua za namna hiyo kwa wingi. Afrika Kusini nako, kuelekea mwaka 2000, Defender ziliuzwa na injini ya BMW ya lita 2.8. Gari hili lililozaliwa mwaka 1948 limeshapokea injini za watu wengine, na halijapungukiwa kitu.

Injini ikishachaguliwa, inalazimika kuzungumza na gia boksi iliyopo. Defender zilizotoka na 300Tdi zina gia boksi ya R380, na namba hiyo ilitokana na mvuto iliyoundwa kuubeba, nyutonimita 380. 1HZ na 285 zake inaingia humo kwa nafasi, mradi bamba la kuunganisha limekatwa kwa mashine na halikukadiriwa kwa jicho. Bamba likikosea hata kwa unene wa kucha, klachi na beringi za mbele za gia boksi hazimalizi mwaka. Land Rover za zamani zaidi, zile Series III zilizotengenezwa toka 1971 hadi 1985, ni habari nyingine. Injini zake za dizeli za cc 2,286 zilikuwa na farasi wasiozidi 62 hivi, na ekseli, gia boksi na breki zake za ngoma vilipimwa kwa nguvu hiyo. Kuweka 1HZ humo ni kuhamisha ubovu kutoka kwenye injini kwenda kwenye ekseli. Kwa Series III ningechagua 200Tdi ya Land Rover wenyewe, ambayo haina kompyuta na inakaa bila ukataji mwingi, au Toyota 3L ya cc 2,779 au 5L ya cc 2,986, zilezile zinazoendesha vifodi vya Arusha. Spea zake ziko kila duka, na fundi anayezijua yuko kila kijiji chenye barabara. Injini ndogo si aibu: Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404 ya cc 1,618. Gari lile lilikuwa na injini inayolingana na mifupa yake.

Tuongee breki, kwa sababu ndipo watu wanapoweza kufa. Breki za gari zenye busta hutegemea ombwe. Injini ya petroli hulitoa ombwe hilo yenyewe inapovuta hewa. Dizeli hailitoi, lazima iwe na pampu yake. Kwenye baadhi ya dizeli pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Fundi anayetoa injini ya petroli na kuweka dizeli akiisahau, au akifunga altaneta ya gari jingine isiyo na pampu, gari litawaka vizuri, litatembea vizuri mtaani, na breki itakuwa ngumu kama jiwe siku ya kwanza ya Seneto. Kabla hujalipa fedha ya mwisho gerejini, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedeli lazima izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, gari halitoki.

Umeme nao unataka macho. Land Cruiser nyingi zilizouzwa ndani ya Japani zilikuwa za volti 24, na injini yake ikiletwa kwetu inakuja na stata na plagi za kupasha za volti hizo. Land Rover yako ni ya volti 12. Uliza kabla ya kununua. Na kuhusu Td5, injini ya silinda 5 iliyoingia mwaka 1998: ina nguvu na ni tamu kuendesha, ila inatawaliwa na kompyuta, na oili hupenya kwenye waya za nozeli ikapotosha taarifa zinazokwenda huko. Anayeishi jirani na fundi mwenye mashine ya kuisoma aichukue. Mimi, kwa gari linalolala Qurus, sipendi injini inayoweza kunyamaza kwa sababu ya waya mmoja wakati pampu na nozeli ni nzima.

Basi hukumu yangu ndiyo hii. Defender iliyozaliwa na 300Tdi, kama bloku yake ni nzima, ifanyiwe ovahol na ibaki nayo; kwa mlima wetu ni injini bora kuliko inavyosifiwa, ilimradi taimingi belti ibadilishwe kwa wakati na maji yasipungue, kwa kuwa hedi yake ya alumini haivumilii kuchemka. Injini ikiwa imevunjika kabisa, au gari likiwa mikononi mwa mafundi wanaoijua Toyota peke yake, iwekwe 1HZ bila turbo, pampu irekebishwe kwa hewa ya huku, na rejeta iwe kubwa. Taimingi belti ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini gari la Kreta lihesabiwe kwa saa pia: siku nzima ya kusimama kwenye simba na kutembea tena inaongeza kilomita chache huku injini imefanya kazi ya safari ndefu.

Mwisho wa kazi, namba ya injini mpya ipelekwe Mamlaka ya Mapato ili kadi ya gari ilingane na kilichomo chini ya boneti, na risiti ya ununuzi itunzwe. Injini ya mtumba isiyo na karatasi usiinunue hata ikiwa nusu bei.

Sehemu ya tatu itahusu injini isiyojua kimo kabisa. Mjini Nairobi kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, imeshang'oa dizeli kwenye Land Cruiser za safari na kuweka mota za umeme. Mota haivuti hewa, kwa hiyo ukingo wa Kreta na pwani kwake ni sawa, na kwenye mteremko kama wa Seneto inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Tutapima uzito wa betri hizo juu ya chasisi ya Defender 110, na tutauliza gari litachajiwa wapi usiku.